Cheo umepewa, mtindo ni wako: mwongozo kwa mwanamke anayeanza kuongoza kazini Mombasa

Wiki yangu ya kwanza nikiwa msimamizi wa ofisi ya uwakala wa forodha, nilipiga meza. Sikuwa nimewahi kupiga meza maishani, lakini bwana aliyekikalia kiti kile kabla yangu alikuwa akiipiga kila siku, nami nikadhani ndiyo kazi yenyewe. Kikombe cha kahawa kikaruka, kikamwagikia hati ya shehena ya mteja. Karani wa forodha, mtu mzima wa rika la mjomba wangu, akanitazama, akasema kwa utulivu, "Haya, bosi." Kisha akaenda kuifanya kazi niliyomwagiza kwa mwendo wa kobe. Hakukataa, hakujibu, hakukosea hata herufi. Alichelewa tu. Siku za bure bandarini zikaisha, kontena 3 za vigae zikaanza kula storeji, yaani ada ya kulaza mzigo bandarini, na simu ya mteja ikaja kwangu.

Tangu siku ile nimekaa na wanawake kadhaa waliopandishwa cheo hapa mjini: wa ofisi za Moi Avenue, wa magodauni ya Shimanzi, wa hoteli za Nyali, na muuguzi mmoja aliyekabidhiwa wadi nzima. Wote walikuja na swali lile lile: niongoze kama nani? Jibu langu halijabadilika. Mtindo unao tayari. Ni ule unaoutumia pale usipokuwa na cheo. Kazi iliyobaki ni kuutambua, kuuondolea woga, na kuutia mfupa ili usimame ofisini. Nitakueleza nilivyofanya, hatua kwa hatua. Usizifanye zote wiki moja.

Hatua ya 1: Jitazame pale usipokuwa na mamlaka

Chukua daftari, si simu. Andika mara 3 ulizowafanya watu watende jambo gumu bila ya kuwa na amri juu yao. Za ofisini ziache. Andika za harusini, za matangani, za chama cha mzunguko, za kikao cha wazazi shuleni. Kwa kila moja eleza jambo lilikuwa nini, nani alikuwa mgumu, wewe ulisema nini hasa, na mwisho ikawaje. Hapo kwenye "ulisema nini hasa" usijidanganye. Usiandike "niliwahamasisha". Andika maneno yenyewe yaliyotoka kinywani.

Mimi niliandika harusi ya mdogo wangu, Majengo. Pilau ya watu 300, sufuria 4, na shangazi mkubwa ameketi kigodani katikati ya mafiga akitoa amri zinazopingana. Mpishi alikuwa ameshavua aproni, yu tayari kuondoka. Hakuna aliyethubutu kumwambia shangazi lolote. Nikachutama kando yake, nikasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, wageni wa Lamu wanakaribia kufika, na barazani hakuna mtu mzima wa kuwapokea. Sisi watoto tutawakosea heshima. Nakuomba uwapokee wewe, na mimi kila sufuria ikiiva nitakuja kukuarifu." Akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akaenda. Na kila sufuria ilipoiva nilikwenda kumwarifu, zote 4, ingawa ya mwisho nilikwenda miguu ikinitetemeka kwa uchovu.

Nilipoyaandika hayo ndipo nikajiona. Sikumwondoa shangazi, nilimpa kazi inayomfaa zaidi. Nilisema naye faragha. Nilitoa ahadi ndogo inayopimika, nikaitimiza. Huo ni mtindo kamili, na hakuna meza iliyopigwa.

Wako utakuwa mwingine. Shoga yangu mmoja aligundua kwamba yeye hushinda kwa hesabu: chamani mwao habishani naye mtu, kwa kuwa daftari lake limeandikwa mpaka shilingi ya mwisho. Mwingine hushinda kwa mzaha. Yule muuguzi wa wadi ni mkali, husema neno mara moja tu bila kuzunguka, na wagonjwa na wahudumu wanampenda hivyo hivyo. Akijilazimisha kuwa mpole wote wanahisi kuna msiba.

Na ukiambiwa kwamba uongozi wa mwanamke ni mgeni hapa, umeletwa na semina za hotelini, usikubali. Mapokeo ya mji huu yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa Kongowea, yaani Mombasa ya kale, kabla ya utawala wa Shehe Mvita. Bibi zetu wa karne iliyopita walikuwa na vyama vya lelemama: ngoma, naam, lakini ngoma yenye vyeo, michango, sare, karamu na ushindani wa kufa mtu kati ya chama na chama. Hebu fikiria kazi ya kuwapanga wanawake makumi kadhaa wavae namna moja, wachange kwa wakati na wasigombane hadi siku ya ngoma ipite. Nenda Uajemi, nenda Ulaya, hiyo ni kazi ya meneja.

Hatua ya 2: Waulize watu watatu

Mmoja anayekupenda, mmoja aliyewahi kufanya kazi chini yako, na mmoja mliyewahi kukosana. Swali moja tu: "Nikitaka ufanye jambo, huwa nafanyaje?" Sikiliza, andika, usijitetee. Wa tatu ndiye atakayekufaa zaidi. Wangu aliniambia, "Wewe huombi mara ya pili. Ukikataliwa unalifanya mwenyewe, kisha unanuna." Nilikereka siku mbili nzima. Alikuwa amesema kweli.

Hatua ya 3: Tenga mtindo na woga

Hapa wengi hukwama. Mtu husema, "Mimi ni mpole, ndivyo nilivyo," kumbe anaogopa kumwambia kijana wa stoo kwamba hesabu yake ina upungufu. Mwingine husema, "Mimi ni mkali, sipendi upuuzi," kumbe anaogopa kuulizwa swali asilolijua, basi anatangulia kufoka. Kila tabia uliyoiandika katika hatua ya 1 na ya 2 ipitishe kwenye swali hili: kama nisingeogopa chochote, ningefanya hivi hivi? Jibu likiwa ndiyo, huo ni mtindo wako. Likiwa la, hiyo ni tabia ya kujikinga, na inaweza kuachwa bila wewe kupoteza nafsi yako. Kule kununa kwangu niliandika upande wa kushoto wa karatasi, upande wa vya kuachwa.

Tahadhari nyingine: usimeze maneno ya wanaosema wanawake wote huongoza kwa huruma. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Marekani, Alice Eagly, na wenzake walichambua tafiti 45 zilizolinganisha viongozi wanawake na wanaume. Waliona wanawake kwa wastani huelekea zaidi kidogo kuwakuza walio chini yao na kuwatuza wanaofanya vyema. Kidogo. Tofauti kati ya mwanamke na mwanamke ni kubwa kuliko hiyo, kama unavyojua ukiwa na dada wawili. Kwa hiyo ukiwa mkali kwa asili, hujavunja mila yoyote.

Ila ujue kuna mtego. Mwanamke akiwa mkali atasikia nyuma ya mlango, "Ana roho mbaya, nyumbani kwake hakukaliki." Akiwa mpole atasikia, "Kazi hii imemzidi." Mwanamume akifoka ni "mzee ana msimamo". Mtego huu haukwepeki kwa kuchagua upande mmoja, maana pande zote mbili umetegwa. Ukishalijua hilo unapumzika. Kwa kuwa utasemwa vyovyote vile, afadhali usemwe kwa kuongoza kwa namna unayoweza kudumu nayo miaka 10.

Hatua ya 4: Utie mfupa

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipoona wanawake wengi wazuri wakipotea. Wanajua mtindo wao, wanaufuata, na bado kazi haiendi. Sababu ni kwamba harusini kila mtu anajua mwisho wa jambo: saa saba wageni wanakula. Ofisini mwisho hauonekani mpaka uutaje.

Mfano mzuri uko bandarini petu. Meli kubwa ikija Kilindini hupokewa baharini na rubani. Neno hilo siku hizi tunalitumia kwa ndege, lakini asili yake ni huku majini. Rubani anapanda kwa ngazi ya kamba, anaingia kwenye chumba cha usukani kwa watu asiowajua, wengine hawajui hata salamu yetu, na ndani ya dakika chache meli yao inafuata neno lake. Nahodha bado ndiye mkuu wa meli. Rubani hana cheo juu ya mtu yeyote mle ndani. Anachokijua ni mlango wa bahari: wapi pana miamba, mkondo unavuta upande gani. Tena hapigi kelele. Anatoa amri fupi, mshika usukani anairudia kwa sauti ileile kabla ya kuitekeleza, na rubani anahakikisha imefanyika. Mkenya wa kwanza mwanamke kuifanya kazi hii, Elizabeth Marami, ameifanya hapa hapa Mombasa. Nikiwa na msimamizi mpya anayeniambia, "Sauti yangu ni ndogo," mimi humwambia akaketi kando ya bahari pale Mama Ngina asubuhi meli ikiingia, ajiulize ni sauti ya ukubwa gani inayoweza kuishinda injini ile.

Sasa tukope mambo matatu kutoka kwa rubani.

La kwanza ni amri fupi yenye saa. Kama mtindo wako ni kusikiliza watu kabla ya kuamua, sikiliza, lakini tangaza mwisho wa kusikiliza. Mimi husema, "Mpaka saa nne nasikia maoni. Saa nne na nusu naamua." Na saa nne na nusu naamua, hata kama nusu ya watu wamenuna. Usipoweka saa, kikao huwa baraza la kahawa, na anayeamua mwishoni ni yule mwenye koo kubwa.

La pili ni uamuzi kuandikwa siku hiyo hiyo. Ujumbe wa kwenye kundi la ofisi unatosha. Wangu huwa hivi:

"Sabalkheri nyote. Ahsanteni kwa mawazo ya asubuhi. Nimeamua: hati za kontena 3 zinaingizwa kwenye mfumo leo kabla ya saa nane, na karani wa forodha ndiye mwenye jukumu. Dereva wa kwanza awe getini saa kumi na moja alfajiri kesho. Kukitokea kizuizi, nipigiwe kabla ya saa sita, si baada."

Tazama ujumbe huo vizuri. Una salamu, una shukrani, na ndani yake hakuna "tujaribu" wala "ikiwezekana". Una mtu, una saa, una njia ya kurudi kwangu mambo yakiharibika. Neno "nimeamua" niliona haya kuliandika kwa miezi mingi. Nilikuwa naandika "tumekubaliana", hata pale ambapo hatukukubaliana, na waliopinga wakaona nimewawekea maneno mdomoni. "Nimeamua" ni la heshima zaidi kwao. Linawaacha na maoni yao.

La tatu ni kurudiwa. Mwombe mtu akwambie alivyoelewa. Ukiuliza vibaya utamdhalilisha, kana kwamba ni mtoto wa chuo cha Kurani anayesomeshwa alifu. Mimi najitwika kosa: "Nimezungumza haraka mno. Hebu nieleze utaanza na lipi, nijue kama nimeeleweka." Mara moja katika kila mara tano hivi, anachokieleza ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni storeji uliyookoa kabla haijaanza kuhesabiwa.

Mwenye mtindo wa hesabu, mfupa wake ni kueleza namba zina maana gani kwa mtu wa kawaida, maana daftari halijielezi. Mwenye mzaha, mfupa wake ni siku moja katika wiki isiyo na mzaha, watu waijue. Mkali, mfupa wake ni kusifu kwa sauti ileile anayokaripia nayo. Yule muuguzi sasa hulitimiza hili kama dozi: asubuhi mara moja, jioni mara moja.

Hatua ya 5: Mafumbo yabaki kwenye leso

Tuseme ukweli baina yetu. Sisi wanawake wa Pwani tumelelewa kwenye mafumbo. Jirani amekukosea, unanunua leso ambayo jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, linamfaa, unaivaa ukipita kibarazani kwake, na ujumbe umefika. Ni sanaa, na siidharau. Kabatini nina leso mbili nilizozinunua kwa hasira tu.

Ofisini haifanyi kazi. Ukimwambia mchelewaji, "Wengine wanadhani Feri ya Likoni imejengwa kwa ajili yao peke yao," ofisi nzima itacheka, yeye pia atacheka, na kesho atachelewa. Mwite pembeni. Sema alichofanya, kimeathiri nini, unataka nini: "Wiki hii umefika saa tatu mara tatu. Wateja wawili walisubiri nje. Kuanzia Jumatatu nakuhitaji saa mbili kamili. Kuna linalokuzuia?" Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kuliko sentensi zote, utatamani kukijaza kwa kicheko au kwa "lakini si neno". Kiache.

"Naomba" si udhaifu. Kwa Kiswahili chetu "naomba" lenye saa ni amri iliyovaa kanzu. "Naomba ripoti iwe mezani saa tisa" inatosha. Linalokudhoofisha ni mkia: "naomba, kama hamtajali, jamani, mkipata nafasi". Kata mkia.

Hatua ya 6: Mzee anayekuita "binti yangu"

Hili halimo kwenye semina, na hapa kwetu ndilo la kila siku. Una miaka 34, una cheo, na chini yako kuna mtu aliyeanza kazi wewe hujazaliwa. Ukimtupia amri umekosa adabu na ofisi nzima itasimama naye. Ukimnyenyekea kupita kiasi, yeye ndiye meneja.

Nilivyofanya na karani wangu ni hivi. Baada ya storeji ya vigae nilimwendea mezani kwake, sikumwita kwangu. Nikamwamkia kama ninavyowaamkia wazee. Nikamwambia, "Mzee, siku ile nilipiga meza. Nilikosa, nisamehe."

Akasema, "Yamepita, binti yangu."

"Ahsante. Sasa nina mawili. Hati zile zilichelewa siku 3, na wewe unaijua kazi hii kuliko mimi, kwa hiyo najua hazikuchelewa kwa kutojua. Hilo lisirudi. La pili, hapa tukiwa wawili mimi ni binti yako, nafurahi. Kikaoni, mbele ya vijana na wateja, naomba uniite kama ulivyokuwa ukimwita bwana aliyenitangulia."

Alikaa kimya, akazungusha kalamu. Kisha akasema, "Yeye nilikuwa namwita meneja."

"Basi na mimi."

Hakukuwa na muziki wala machozi. Alisema, "Haya, meneja," na nilishindwa kujua kama ni heshima au kejeli kwa muda wa mwezi mzima. Mpangilio ndio nautaka uuige: msamaha wa kosa lako kwanza na usiuchanganye na kitu, kisha kosa lake likitajwa kwa siku na idadi, kisha ombi la jina. Yote faragha. Ukianza na jina, atasikia kiburi tu.

Hatua ya 7: Chai na kalamu

Kikaoni angalia nani anamimina chai na nani anaandika kumbukumbu. Kama ni wewe kila mara, na wewe ndiwe mwenyekiti, weka zamu ukutani, wanaume ndani yake, na jina lako pia liwemo. Mahamri yatafika tu.

Ukikatizwa: "Sijamaliza, nitakupa nafasi." Uipe kweli. Wazo lako likirudiwa na mwingine na kusifiwa kana kwamba ni lake: "Nashukuru umeliunga mkono nililosema mwanzo, tuliendeleze." Bila ya kutabasamu sana.

Hatua ya 8: Unachokijua kuhusu watu, kifanye kanuni

Viongozi wengi wanawake ninaowajua wana hazina moja: wanajua maisha ya watu wao. Nani anavuka feri, nani ana mtoto mwenye selimundu, nani anakwenda Kisauni usiku na hana gari. Hazina hii ukiitumia kwa mtu mmoja mmoja, kimyakimya, itakuletea maneno. "Yule anamruhusu shoga yake." Ukiifanya kanuni, inakuwa uongozi.

Mfano wetu ni Ramadhani. Zamani kila aliyefunga alikuja kuomba ruhusa peke yake, na kila jioni palikuwa na manung'uniko. Tukaandika utaratibu wa mwezi mzima: kazi nzito na ukaguzi wa mizigo asubuhi, vikao visizidi nusu saa, wasiofunga wachukue zamu ya jioni, na sikukuu ya Krismasi na Pasaka zamu zigeuke. Karatasi moja. Hakuna aliyepewa fadhila, na hakuna aliyedai.

Hatua ya 9: Ijue sheria kabla hujaihitaji

Upole wako au ukali wako usimame juu ya sheria, usiwe badala yake. Mambo machache ya kukariri.

Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inampa mwanamke na mwanamume haki ya kutendewa sawa, pamoja na nafasi sawa za kiuchumi na kisiasa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu cha 6 kinahusu unyanyasaji wa kingono, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa. Iombe uione. Kifungu cha 29 kinampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na akirudi arudishiwe kazi yake au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni. Baba ana wiki 2, nawe kama msimamizi mhimize azichukue. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Choo si mahali hapo.

Na kinachokuhusu zaidi kama mkubwa wa watu: kifungu cha 41. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kushindwa kazi, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na umsikilize. Nimeona mwanamke mpole akivumilia mtu mwaka mzima bila kuandika hata onyo moja, kisha akachoka Ijumaa moja na kumfukuza kwa simu. Upole ule haukumsaidia yeye wala yule mtu. Onyo la kwanza liandike mapema, ukiwa bado unampenda.

Hatua ya 10: Pima baada ya miezi mitatu

Usipime kwa kupendwa. Pima kwa vitu vinavyohesabika: mara ngapi kazi imefika kwa saa uliyoitaja, mara ngapi umelirudia agizo lile lile, wangapi wameomba kuhama. Halafu kipimo ninachokiamini kuliko vyote, habari mbaya zinakufikia lini? Zikikufikia kwa mteja, watu wako wanakuogopa au wamekudharau, na matokeo ni mamoja. Zikikufikia kabla hata ya chai ya asubuhi, mtindo wako umeshika.

Kwangu ilichukua miezi minane, si mitatu. Siku moja saa moja na nusu, ofisi bado inafagiwa, karani wa forodha alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kofia yake mkononi.

"Meneja," akasema, "uzito tuliouandika jana si sahihi. Kosa ni langu. Meli imeshafunga gatini."

Nikamsogezea kiti, nikafungua daftari. "Keti, mzee. Kontena ngapi?"